Siku Yaya Wetu Alipoletwa Zamu Yangu

Kumfumua mtu nywele ni kazi ya mama yake au shoga yake. Kwetu sisi, askari wa jela ya wanawake, ilikuwa kazi ya mlangoni. Mwanamke akiletwa anavua alichovaa, anavaa tulichompa, kisha anakaa kwenye kigoda na mmoja wetu anamfumua msuko mmoja mmoja, kwa sababu kwenye nywele hufichwa mengi. Mie nimetoa wembe humo, nimetoa laini za simu, na mara moja nilitoa jino la dhahabu limefungwa kwa uzi. Wenzangu walikuwa hawaziwezi nywele za Kiafrika, wanavuta kama wanang'oa magugu. Ikawa akija Muafrika naitwa mie. Na nikijivuna, wallahi. Vidole vyangu vyepesi, hakuna aliyelia mikononi mwangu kwa sababu ya nywele. Walilia kwa mengine.

Skuli niliacha darasa la nne, Unguja, nikaletwa Maskati kwa jamaa zetu. Kiarabu cha kuandika nimejifunza ukubwani, madarasa ya jioni, na mimba ya binti yangu mbele yangu kama boga. Watoto wa watu wenye vyeti walikuwa wanaikimbia kazi ya jela. Mie niliivaa ile nguo, nikaipiga pasi mwenyewe, na nimeivaa mpaka nimekuwa bibi wa wajukuu. Wajukuu zangu wakiulizwa skuli bibi yao anafanya nini, wanajibu kwa sauti.

Basi asubuhi hiyo alikaa kigodani mwanamke kainamisha kichwa. Sikumtazama uso, nyuso zote za mlangoni huwa moja. Nikaanza kufumua kisogoni. Msuko wa pili, wa tatu, mkono ukanisita. Mistari ilipinda nyuma ya sikio halafu ikapanda juu, na mistari ile nilikuwa nikiiona kila Ijumaa kwenye kichwa cha mjukuu wangu wa kike.

"Bibi," akasema, hakugeuka. "Ni mimi."

Alikuwa yaya wa nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Mawaleh. Mganda, mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Binti yangu alimchagua kwa ajili ya Kiswahili, kwa sababu watoto wetu siku hizi wanaongea Kiarabu na Kiingereza, na ukiwaambia "njoo ule" wanakukodolea macho. Kiswahili cha yule msichana kilikuwa cha kuokota sokoni, mpakani na Kenya, kinagonga kama mkokoteni juu ya mawe. Nikimcheka. Lakini mjukuu wangu alikipata kwake, na mie nikamfunza yaya kunambia shikamoo, na kila Ijumaa nikiingia tu ananipokea mkoba, ananibusu mkono, ananiuliza magoti. Kisha akatoroka. Na sasa yuko kwenye kigoda changu.

Mwenzangu aliyekuwa anaandika majina akainua kichwa. "Unamjua huyu?"

Sheria yetu ilikuwa askari akimjua aliyeletwa aseme palepale, ahamishwe upande mwengine. Nikacheka. "Hawa wote wananiita bibi. Kwani wewe hunioni nilivyozeeka?"

Akacheka na yeye, akarudi kwenye majina yake. Nikainama sikioni mwa yule msichana. "Hapa usiniite bibi. Niite askari."

"Sawa, askari," akasema.

Nikaendelea kufumua. Hakukuwa na kitu chochote kwenye zile nywele.

Sasa niseme kwa nini alitoroka. Mamaake kule kwao aliugua. Kwanza miguu ilivimba, halafu akashikwa na kifua. Yaya akamuomba binti yangu aende amuone, atarudi. Binti yangu akaja na shauri hilo kwangu, Ijumaa, tumekaa chini tunakula wali na samaki, yaya yuko jikoni.

"Mama, unasemaje? Nimpe ruhusa?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nikasema, "Ramadhani hii hapa mlangoni. Nani atakunja sambusa? Nani atamtoa mtoto skuli, wewe uko ofisini? Mamaake kama wa kufa atafa, hata akienda hatomzuia. Mwambie baada ya Idi."

Nikala tonge langu.

Binti yangu akamwambia baada ya Idi. Siku za mwanzo za Ramadhani, yaya akatoka na mfuko wa taka, mfuko ukaonekana pipani, yeye hakuonekana tena. Binti yangu akaenda kupiga balagh, yaani akaripoti kuwa mtumishi wake kamtoroka, kama matajiri wote wenye watumishi wanavyofanya. Msichana akawa mtaa wa Ruwi, anafanya vibarua vya kusafisha fleti za watu ili apate nauli, mpaka akakamatwa.

Jela yetu ilijaa wasichana wa namna ile. Wengi walikuwa wanapita tu: tajiri anakuja, anafuta balagh, analeta paspoti, wanapandishwa ndege. Wale ambao tajiri hakutokea walikaa. Kila siku wanauliza, nasi kila siku tunajibu neno moja, subiri. Miaka yote nililisema lile neno kama mtu anavyopiga chafya. Sasa likawa linanikwama. Yaya wetu akiwa wa mwisho kwenye mstari wa chakula, mkono wangu ukiwa na upawa, nilikuwa namtilia mchuzi huku natazama ukutani. Nikampa blanketi jipya ambalo halijapata kutumika, nikajiona nimefanya jambo. Blanketi!

Siku moja uani, wenzake wanazunguka kunyoosha miguu, akaja akasimama karibu yangu. Hakuniita bibi. Hakuniita askari pia.

"Madam si mtu mbaya," akasema. "Alitaka kuniachia niende, nilimwona usoni. Lakini moyo wake ni kama gari la kukodi, mwengine ndiye anaendesha. Wewe angekuuliza, ungeniruhusu, sivyo?"

Nikasema, "Ningekuruhusu."

Nilisema hivyo, mchana kweupe, na nguo ya serikali mwilini.

"Najua," akasema, akarudi kwenye mzunguko.

Wiki ile ikafika zamu yao ya simu. Kila mmoja anapewa muda mdogo wa kuongea na kwao, na askari anasimama pembeni. Nilisimama mie. Aliongea lugha ya kwao, sikuifahamu, lakini mtu akiambiwa khabari ya mgonjwa huhitaji mkalimani. Alikuwa anasugua ukuta kwa kidole, anausugua, rangi inatoka. Akaweka simu chini.

"Jirani ndiye ameshika simu. Mama yuko, lakini hali chakula tena, anakunywa maji tu. Anauliza kila siku nafika lini." Akanigeukia. "Nimwambie nini?"

Neno langu la kila siku lilikuwepo ulimini tayari. Nikalimeza.

Nilipotoka kazini sikwenda kwangu. Nilimwambia dereva wa teksi Mawaleh. Nikamkuta binti yangu anamvutavuta mtoto kitana, mtoto analia, kichwa chake kimekuwa kama kiota tangu yaya aondoke. Nikamtoa mtoto nje akacheze. Nikakaa.

"Yaya wako yuko kwetu."

Kitana kikamsimama mkononi. "Kwenu wapi?"

"Kwetu jela. Nenda kesho ukafute ile balagh. Mchukulie paspoti yake, mkatie tikiti."

"Siendi. Kaniacha na mtoto na mwezi wa Ramadhani, majirani wananiuliza nimemfanya nini. Akae ajue."

"Hajui nini? Keshajua yote."

"Heee, Mama! Miaka yote unawafungia wanawake milango, leo ndo umeingiwa na huruma? Si wewe ulokuwa ukisema yaya ukimpa uzi atataka kanga?"

"Nilisema."

"Na si wewe ulosema mamaake kama wa kufa atafa?"

Nikamtoa kitana mkononi, nikaanza kuchomoa nywele zilizokwama.

Binti yangu akakaa na yeye, sauti ikamshuka. "Unajua, mie nilikuwa nishamtolea sanduku juu ya kabati. Nilikuja kwako unambie ndio tu. Nilitaka baraka yako, Mama. Nikisema ndio peke yangu, halafu futari ikaharibika, ungenisema mpaka Idi ya pili."

Kweli tupu. Ningemsema.

"Basi baraka nakupa leo," nikamwambia.

"Leo imeshachacha."

Akanyanyuka akaingia chumbani. Nilisikia makabati yanafunguliwa na kupigwa. Akatoka na ile paspoti, akanitupia mapajani. "Shika. Kafute wewe."

"Mie sina uwezo huo. Balagh ina jina lako, siyo langu."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Jina langu."

Nilimlea binti huyu ajue kwamba mama hakosei, na akanisikiliza, na sasa yeye ndiye aliyeandikwa dhalimu. Nikamwambia: "Neno lilikuwa langu. Mbele ya Mungu mie ndo niliyemfunga. Lakini mlango huu hauna ufunguo kwangu, uko kwako. Nakuomba."

Sijawahi kumuomba mwanangu kitu. Akaichukua paspoti mapajani mwangu, akaitia kwenye mkoba wake wa kazini. Asubuhi alikwenda kuifuta balagh.

Mambo ya ofisi yakaenda mwendo wake, huku na huku, na kila siku mie nikimpita yule msichana nikiogopa asije akaniambia mamaake amefariki. Hata nikisikia tu mtu analia nyuma ya milango, nilikuwa nasimama kwanza nijue ni nani. Kila mara hakuwa yeye.

Siku ya safari nikaomba mie nimtoe. Alivaa gauni lake mwenyewe, lile alilokamatwa nalo, kilemba juu ya nywele ambazo hazikusukwa tena. Kutoka vyumbani mpaka geti kuna ukumbi mrefu, sisi wawili tu, na gari la uwanja wa ndege linasubiri nje. Nikaona nisiposema pale sitosema tena. Nikasimama.

"Siku ile madam wako alikuja kuniuliza," nikamwambia. "Mie ndo niliyemwambia usiende."

Hata hakushtuka. Akaweka sawa kilemba chake.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango na sahani ya pilipili. Ulisema mama yangu kama wa kufa atakufa."

Nikamuuliza: "Sasa mbona kule uani ulinambia ningekuruhusu?"

"Nilitaka uone aibu."

"Na mbona siku ya kwanza uliniita bibi?"

Akanitazama kama nnavyomtazama mimi mtoto anapouliza jambo la kijinga. "Ningemwita nani? Funguo unazo wewe."

Mie nilikuwa nimejiambia kuwa ananipenda. Kwamba mkono ule alioubusu Ijumaa zote aliubusu kwa mapenzi. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, nimeona kila aina ya ujanja wa mfungwa, na sikuwahi kufikiri kuwa hata nyumbani kwa mwanangu nilikuwa askari.

"Aibu umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi. Fungua, gari litaniacha."

Nikafungua.

Hatukusikia kitu kwa muda. Binti yangu hakuniuliza, nami sikumuuliza, lakini simu yake ikilia sote wawili tunaitazama. Mwisho siku moja, nipo kwake nachambua mchele, mjukuu wangu akaja mbio na simu ya mamaake, kaletewa ujumbe wa sauti. Akaubonyeza, akauweka katikati yetu kwenye mkeka.

Alikuwa yeye, na mkokoteni wake juu ya mawe. Kamsalimia mtoto, kamuuliza kama anakula maharage. Kamsalimia mdogo wake yule mtoto. Kamsalimia madam na bwana, kasema Mungu awape amani. Kamsalimia paka. Kamsalimia Mbangali wa duka la pembeni aliyekuwa akimpa biskuti za mtoto. Kwetu salamu zikitumwa zinahesabiwa, na anayerukwa anajua karukwa.

"Bibi, wewe hajakusalimia," mjukuu wangu akasema.

"Kasahau."

"Yeye hasahau."

"Basi kaacha. Nyamaza tusikilize."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kuku, na mtu anapasua kuni. Halafu mtu mzima, mwanamke, akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua kibovu, akauliza jambo kwa lugha yao, na msichana akamjibu kidogo kidogo, kama unavyomjibu mtu aliyelala karibu yako. Ujumbe ukakatika.

Binti yangu alikuwa kasimama mlangoni. Akajifuta macho na ncha ya mtandio, akarudi jikoni.

Nikamwambia mtoto airudie. Akairudia. Salamu zikapita tena, paka, Mbangali, wote. Sikuzisikiliza. Nilikuwa nangojea kile kikohozi.