Habari Ziwafikie Walioko Nakuru

Biashara yetu ya kwanza ilikuwa gazeti, na halikuishi sana. Lilichapishwa Nairobi kwa sababu hapa Nakuru hatukupata mtambo wa bei tuliyoiweza, na vifurushi vilipofika, kila mtu alikuwa ameshasoma habari zetu kwenye simu. Mimi nilikuwa mhariri, ndugu yangu mdogo mpiga picha, na Mama kazi yake ilikuwa kutukumbusha kula. Nakala zilizobaki tuliwapa wenye bucha. Siku moja nilinunua nyama nikafungiwa kwa tahariri yangu mwenyewe, ile niliyoiandika kwa uchungu kuhusu mitaro ya mji, na damu ilikuwa imeshaloa nusu yake. Nilinuna hadi jioni. Ndugu yangu alisema angalau sasa imepata kazi.

Yeye ndiye aliyekuja na wazo la redio. Tulihangaikia masafa mpaka tukayapata, tukakodi vyumba viwili juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, tukasimamisha mlingoti kilimani. Mvua kubwa ya kwanza ilikuja na radi, ikaunguza mtambo, tukanyamaza kwa miezi. Nilikuwa tayari kurudi kufundisha shule ya msingi, kazi niliyoiacha kwa mbwembwe nyingi. Wenzangu wa zamani walikuwa wakinisalimu kwa upole nisioupenda.

Tuliporudi hewani, ndugu yangu aliajiri vijana wawili wa kupiga domo asubuhi. Walitaniana, wakacheka vichekesho vyao wenyewe, wakacheza nyimbo zilezile zilizochezwa na kila stesheni. Hakuna aliyetuchukia na hakuna aliyetusikiliza.

Kilichotuokoa kilipanda ngazi asubuhi moja kikiwa kimevaa leso na sweta. Alikuwa mama mmoja kutoka Karagita. Mumewe, mfanyakazi wa shamba la maua, alikuwa amefariki, na watu wake walikuwa wametawanyika. Kuna aliyekuwa Olkaria kwenye visima vya mvuke, kuna waliokuwa Elburgon kwenye mashine za mbao, na namba za simu za wengi alikuwa hana. Stesheni kubwa zilikuwa hazishikiki kwa bei. Mama yetu alikuwa ofisini, ametuletea chai kwenye themosi. Alimmiminia mgeni kikombe, akakaa naye kwenye benchi, akaanza kumuuliza polepole: marehemu alikuwa mtoto wa nani, ndugu yake nani, amemwoa nani, ameacha nani.

Mmoja wa wale vijana alilijaribu tangazo lile. Alilisoma kama anatangaza mpira. Mama alimnyang'anya karatasi, akavaa miwani, akaketi mbele ya maikrofoni kana kwamba ameketi mbele ya jiko lake. Alisoma taratibu, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo. Ndugu yangu, aliyekuwa kwenye mitambo, alikuwa anatokwa jasho.

"Mathe, redio haiwezi nyamaza hivyo," alimwambia baadaye. "Watu watadhani tumezima."

"Nampa mwenye jina nafasi ajisikie akitajwa," Mama akasema.

Mimi nilijua hilo lilitoka wapi. Baba yetu alikuwa fundi wa reli, na kama wanaume wengi waliotoka magharibi kuja kufanya kazi hapa, alikuwa na nyumba mbili. Mke wa kwanza, tuliyemwita Mama Mkubwa, alikaa nyumbani kwenye shamba la ukoo. Mama alikuwa wa Nakuru. Baba alipofariki, wa kule nyumbani ndio waliopeleka tangazo kwenye stesheni kubwa. Tuliambiwa saa ya kusikiliza. Mama alikuwa anaosha vyombo, akasimama na sahani mkononi. Walitajwa mke, watoto, wakwe, wajukuu, hata binamu wa mbali. Halafu msomaji akasema, habari ziwafikie jamaa walioko Nakuru. Jamaa hao ndio sisi. Mama alimaliza kuiosha ile sahani, akazima redio. Mazishini tuliketi nyuma, pamoja na majirani.

Hakulia mbele yetu kwa sababu ya tangazo lile na hakulisemea. Mimi nililisemea kwa niaba yake, miaka na miaka, kwa yeyote aliyekuwa tayari kunisikiliza.

Baada ya yule mama wa Karagita walianza kuja wengine, na Mama akaweka sharti lake. Hakuna tangazo la kifo litakalosomwa kabla yeye hajaongea na nyumba yenyewe na kuuliza swali moja: je, kuna mtu wa boma hili ambaye hajatajwa? Wengi walishukuru. Kulikuwa na shangazi aliyesahaulika, au mtoto aliyezaliwa nje na sasa ni mtu mzima. Lakini familia moja ya Elburgon yenye mashine kubwa ya mbao haikupenda swali hilo. Mzee wao alikuwa ameacha mjane wa pili mjini hukohuko, na hawakutaka atajwe. Walikuwa pia ndio waliotuahidi matangazo ya mbao kwa mwaka mzima, na sisi kodi ya nyumba ilikuwa imetukaba.

"Mama, soma tu," nilimwambia. "Hiyo ni shida yao."

"Basi waisome wao."

Wakaondoka na karatasi yao na mbao zao. Sikuongea na Mama siku hiyo, na kesho yake nilimjibu kwa mkato. Ndugu yangu alitembea katikati yetu akibeba chai huku na huku. Lakini habari ile ilisambaa. Sokoni na makanisani watu wakaambiana kwamba pale juu ya duka la mbegu hakuna anayerukwa. Wakaanza kuja wa Molo, wa Njoro, wa Gilgil. Nyuma ya matangazo ya vifo yakaja ya harusi, ya shule, ya minada ya ng'ombe, na mwenye duka la chini akawa anatangaza mbegu zake kila asubuhi. Vijana wa domo tuliwaaga kwa heshima. Familia nzima ikawa inakula kutokana na redio ile, na Mama akawa mtu wa kusimamishwa barabarani. Naipenda ile redio hata nikiwa nimeikasirikia.

Halafu Mama Mkubwa akafa.

Tangazo lilikuja kwa simu ya ofisi, limetumwa na kaka yetu mkubwa, mtoto wake wa kwanza. Walitaka lisomwe kwetu kwa sababu watu wengi wa ukoo wako huku bondeni. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikalirudia nikiwa nimeketi. Mama hakuwamo. Mimi na ndugu yangu hatukuwamo. Mwishoni yalikuwapo maneno yaleyale: habari ziwafikie jamaa walioko Nakuru.

Nilisema tulifute, tuwaambie wapeleke kule walikopeleka la Baba.

"Kwani shida iko wapi?" ndugu yangu akasema. "Redio ni yetu. Tumweke Mathe ndani, tuendelee."

Mama alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia. Aliomba simu, akasoma tangazo hadi mwisho, akapangusa miwani.

"Hatuongezi jina bila wenyewe kujua," akasema. "Tunapiga kwanza."

"Na akisema hakuna aliyerukwa?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza jambo dogo. "Nitasoma ilivyo. Safari hii aliyerukwa ni mimi. Mwingine nisingekubali arukwe."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilimwona jinsi alivyozeeka, na jinsi alivyobonyeza ile namba kwa kidole kimoja, na nikagundua kwamba anaogopa. Miaka yote hiyo nilidhani amesahau, au ni mtu wa moyo mgumu. Alikuwa anataka kutajwa katika boma la mumewe kabla hajafa, na sasa ilimbidi amuulize mtoto wa mke mwenzake.

Kaka yetu alipokea. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na mtu akigongomea hema.

"Pole sana, baba," Mama alisema kwa sauti yake ya kazi. "Hapa kwetu huwa tunauliza. Kuna mtu wa boma ambaye hajatajwa?"

Kelele za nyundo ziliisha, zikaanza tena.

"Nani anaongea?" akauliza.

"Ni mimi."

Nilimsikia akipumua. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya, "Huwa tunakusikiliza, Mama. Mpwa wangu hutuwekea kwa simu. Hata marehemu alikuwa anakusikiliza." Akasogea mbali na nyundo. "Andika mke mwenza. Na watoto wako, waweke pamoja na sisi, kwa umri. Mnakuja?"

"Tunakuja," Mama akasema.

Nilichapisha karatasi mpya mimi mwenyewe, nikakosea mara mbili kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Mama aliketi kwenye kiti chake. Ndugu yangu akawasha taa nyekundu, akampa ishara. Mimi nilisimama nyuma yake, upande wetu wa kioo.

Mama alisoma kama anavyosoma siku zote. Alimtaja Mama Mkubwa, akanyamaza kidogo. Akamtaja Baba, mume wake marehemu, akanyamaza. Akasema, "Alikuwa mke mwenza wa," kisha hakuendelea.

Kimya kikazidi. Ndugu yangu akatazama saa, mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha muziki. Nikaushika. Nyuma ya kioo Mama alikuwa ameivua miwani, anatafuta kitambaa cha kufuta macho, na Nakuru nzima, na Karagita, na Elburgon, na lile boma la magharibi lenye hema, wote walikuwa wanangoja pamoja nasi.

Akaivaa tena miwani, akalisoma jina lake.