Kamba Yenye Kulegea

Farasi alifika kwetu Mudzipela ndani ya kamio ya kubebea ngombe, na kartie nzima ikatoka kumuangalia. Watoto walipiga makelele kwamba ni punda mwenye amekula vizuri. Jirani yetu, muchuruzi wa ngombe, alikuwa amemununua Uganda akiwa na mupango wake: kila siku ya posho, siku ya arusi nyingi, mabibi-arusi wa Bunia watapiga picha kando ya farasi jike mweupe. Ila farasi mwenyewe hakuelezwa mupango ule. Mara ya kwanza alikokota muchungaji wa ngombe mpaka kwenye mufereji, mara ya pili akavunja kiti cha mupiga picha, na bibi-arusi akakimbia ameshika viatu mukononi. Juma mbili hazikuisha, jirani akabisha kwangu. Alisema mutu mwenye alikomalia ndani ya ngombe hawezi kushindwa na farasi mumoja. Sifa iko tamu kushinda asali. Nikakubali kumufundisha, akamuleta ndani ya zizi langu.

Niseme ukweli, miye nina kinywa. Sufuria ikichelewa kuchemka, ninaitukana sufuria. Nilikuwa na ngombe ine nyuma ya nyumba, nauzisha maziwa, na majirani walikuwa wanajua saa ya kukamua juu ya sauti yangu. Ngombe walizoea. Mutoto wangu hakuzoea.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa mwaka ule, na alikuwa mugeni kwangu. Nilimuacha kijijini Boga kwa mama yangu akiwa na miaka mbili, wakati baba yake alikufa na miye nikaja Bunia kutafuta maisha. Nilisema ni ya mwaka mumoja. Kisha barabara ikafungwa juu ya vita, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na mwaka mumoja ukawa saba. Nilikuwa natuma nguo na sabuni, na nguo zilikuwa zinafika zikiwa ndogo. Wakati nilienda kumubeba ili asome Bunia, mama yangu alimukabizi kwangu kama mutu anaazimisha jembe. Aliniambia: siku ya proklamasyo, wakati watatoa matokeo ya masomo, nitakuja. Nitamuuliza mutoto mbele yako. Akisema Boga, narudia naye na sitamuleta tena, na weye utafunga kinywa. Nilijibu ndiyo, juu nilifikiri mwaka muzima wa masomo iko mingi.

Mutoto hakuniita mama, aliniita tantine, kama shangazi. Alikuwa na adabu mpaka inauma: anasema aksanti, anaosha sahani yake, anajibanza kwenye pembe ya kitanda kama mupita njia. Begi yake aliiweka chini ya kitanda, na hakuimwanga hata siku moja. Kila asubuhi alitosha nguo ya siku ile, akafunga tena. Nilimutengenezea nafasi kwenye kabati, ikabakia wazi. Nikawa nakasirikia kabati.

Sasa farasi. Kwetu, mutu wa ngombe anatembeaka nyuma. Baba yangu alikuwa anasema, mwenye kutembea mbele ya ngombe zake atafika peke yake. Unakaa nyuma, fimbo mukononi, unapiga kelele kidogo, ngombe wanajua njia. Basi siku ya kwanza nikafungua mulango wa zizi, nikaenda nyuma ya farasi na fimbo yangu, nikasema hoo, hoo, kama vile nilifundishwa. Sikumaliza hoo ya pili. Teke lake lilinipata kwenye paja, nikakaa ndani ya mavi ya ngombe zangu mwenyewe. Binti yangu alikuwa ameikalia bido tupu ya maji kando ya zizi. Hakucheka. Ila aliziba kinywa na mikono mbili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza ninaona macho yake yanacheka tangu afike Bunia.

Nilienda kumuita veterineri mwenye anachanja ngombe zetu. Ni mwanamuke, mudogo kwangu, na zamani za masomo yake alifanya kazi pahali pa farasi. Aliangalia paja langu, akaangalia fimbo, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza. Ngombe iko na watu wake, inasukumwa na inaenda. Farasi anaogopa kitu chenye kuja nyuma, juu katika damu yake, chenye kuja nyuma kinataka kumula. Kwa hiyo unasimama kwenye bega lake, pahali anakuona. Unakamata kamba, unavuta kidogo tu, kisha unangoja. Akiinua muguu mumoja, hata kama ni kuugeuza tu, unalegeza kamba palepale.

«Hajifunzi wakati unavuta,» akaniambia. «Anajifunza wakati unaachilia.»

Nilimuuliza, na kama hainui muguu? Akasema, unangoja. Nikauliza mpaka lini. Akaniangalia kama vile nimeuliza mvua itaisha saa ngapi.

Pole pole njo mwendo: tangu utoto nasikia neno hilo na lilikuwa linapita juu ya kichwa changu kama ndege ya askari wa amani wa MONUSCO. Siku ile, kisha kumaliza kukamua ya saa tisa, nikasimama kwenye bega la farasi, kamba mukononi, nikavuta kidogo. Akavuta upande wake. Mukono ulitaka kukokota, kinywa kilitaka kutukana. Nilimeza matusi moja moja. Nzi walitembea juu ya uso wangu. Mawingu yalitoka upande wa Kpandroma, yakafunika jua, na siye wawili tulikuwa tungali tunasimama. Kisha akahamisha muguu wa mbele, kidogo sana, labda ni nzi njo ilimusumbua. Nikalegeza kamba. Akageuza sikio moja kwangu, akatafunatafuna bila kitu kinywani. Veterineri alikuwa amenionya, alama ile inasema nimeelewa. Nilitaka kulia, na nilikuwa sijui juu ya nini.

Mutoto alikuwa kwenye bido tangu mwanzo.

Ikawa kazi yetu ya kila siku. Anatoka masomo, anakula, anabeba bido yake, anakaa. Miye na farasi tunafanya hatua moja, kisha mbili, kisha kuzunguka zizi, kisha kurudi nyuma. Nilijifunza kushusha mabega. Nilijifunza kupumua mbele ya kuomba kitu. Siku nilikuja na hasira ya soko, farasi hakusogea hata kidogo, nikajua hasira inashuka kwenye kamba mpaka inamufikia. Kitu kimoja tu cha ngombe nilimuletea: muluzi. Kwetu, wanyama wakikunywa maji, unawapigia muluzi wa pole, na hauachi mpaka wa mwisho ainue kichwa. Wanasema musichana hapigi muluzi, ila baba yangu hakuzaa kijana, na ngombe walikuwa na kiu. Farasi aliusikia mara ya kwanza, akainua masikio, kisha akakunywa beseni nzima. Jirani alikuja kuangalia, akasema mama, sasa weye ni mwalimu. Nikavimba. Kumbe mutu anaweza kufundisha farasi na akabakia mujinga.

Siku moja ya yenga, asubuhi, nilikuwa namusuka mutoto nywele juu ya kwenda kusali. Kengele ya kwanza ilikuwa imelia. Yeye ana nywele ngumu kama zangu, na kitana kilikuwa kinakwama. Nilikuwa nyuma yake, nakamata kichwa, nageuza, navuta, na kinywa kinafanya kazi: kaa muzuri, inamisha kichwa, uko na miaka tisa ama miwili, tutachelewa, wenzako wote wamekwisha kufika. Machozi yalikuwa yanatiririka kwenye shingo yake na hakuwa anatoa sauti. Nikapiga kelele kwamba nani alimuambia alie. Akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama majani ya mahindi. Aliongea pole, akiangalia miguu yangu.

«Farasi unamungojeaka,» akasema. «Miye hauningojeaka.»

Akatoka, akaenda nyuma ya zizi.

Nilibakia na kitana mukononi. Nitasema vile ilivyokuwa: nilisikia haya kushinda siku ya teke. Tangu alifika nilikuwa nyuma yake na fimbo. Oga, kula, soma, lala, itika. Nilimusukuma kama ngombe ili afike haraka pahali ananipenda. Mutoto mwenye alikimbizwa na vita akiwa mugongoni, mwenye mama yake alipotea barabarani miaka saba, na miye namutokea nyuma na kelele! Kengele ya pili ikalia. Nikasikia wenzangu wenye kuimba korali wanapita, mumoja akaniita kwenye mulango. Nikamujibu waende.

Sikumufuata. Kila kitu ndani yangu kilitaka kumufuata. Nilitosha mukeka, nikaukunjua kwenye uwanja pahali anaweza kuniona, nikakaa, nikaweka kitana pembeni, mikono kwenye magoti. Nyimbo za kanisa zilifika mpaka kwetu, za kuingia, za sadaka, na mahubiri yalikuwa marefu, namushukuru muchungaji. Wakati watu walianza kurudia kwao, akatoka. Akakaa kwenye ukingo wa mukeka, mbali na miye. Akajisogeza kidogo. Nikaangalia pembeni, kama vile ninafanyaka na farasi, ili macho yangu yasimuvute. Mwishoni nilisikia mugongo wake kwenye magoti yangu. Nilimaliza ile nusu ya kichwa pole pole, nywele moja kwa ingine, na kila wakati aliinua bega nilitosha mikono. Tulikula saa tisa, ugali wa baridi.

Sikupona siku moja, musinisifu. Wiki ile ile nilimufokea juu ya kiatu. Ila nilikuwa najua sasa kusimama katikati ya kelele yangu na kusema: ngoja, nimevuta sana. Alikuwa ananiangalia, sikio moja kwangu. Aliendelea kuniita tantine. Begi iliendelea kulala chini ya kitanda, imefungwa. Na mwezi wa proklamasyo ulikuwa unakuja.

Mama yangu alifika na pikipiki kutoka Boga, vumbi mpaka kwenye nyusi, amekumbatia kibuyu cha mafuta ya ngombe. Mutoto alikimbia akamukamata koko, nyanya yake, kiunoni, na nilimuona anakuwa mutoto mwingine, mwenye makelele na ulimi. Wivu uliniuma, sitaficha. Mutoto alikuwa amepata pursenti nzuri kwenye masomo, mama akalia kidogo, tukala kuku. Kisha akanawa mikono, akafunga kikwembe sawa kiunoni, akamuita mutoto mbele yetu wawili. Akatukumbusha agano. Akamuuliza Boga ama hapa.

Mutoto akaangalia chini.

Maneno yalijaa kinywa changu. Kabati. Masomo ya Bunia. Farasi. Mwambie koko vile tunafanyaka kila siku. Mama yangu aliniangalia kwa jicho la kunikumbusha kinywa changu. Ila si yeye njo alinizuia. Niliona bega la mutoto limepanda, kama bega la farasi mbele ya kukimbia, na nikajua kwamba neno langu lolote, hata la upendo, litakuwa kamba yenye kukazwa. Nikasimama. Nikasema ninaenda kunywesha farasi, na nikatoka nikawapa mugongo.

Nilimwanga maji ndani ya beseni. Farasi akainamisha kichwa, nikaanza muluzi. Nilikuwa nasikia kila kitu nyuma yangu: mama anakohoa, mulango wa nyumba unalia, mulango unalia tena. Sikugeuka. Hatua zilikuja, zikasimama kwenye bega langu, pahali naweza kumuona. Mutoto alibeba sashe ya plastiki, nguo mbili ndani.

«Naenda na koko,» akasema.

Nikasema sawa. Sijui nguvu ya kusema ilitoka wapi. Nikaendelea na muluzi juu farasi alikuwa bado anakunywa.

Mutoto hakuondoka. Akaangalia sashe, akaangalia beseni.

«Begi naiacha,» akasema. «Nguo nimeziweka kwenye kabati. Vakansi ya masomo ikiisha ukuje kunibeba. Usitume motari wa pikipiki. Ukuje weye mwenyewe, mama.»

Midomo yangu ilikataa. Nilijaribu kukusanya muluzi, hewa ikatoka bule. Farasi akasikia kimya, akainua kichwa, maji yanadondoka kwenye kidevu chake, na beseni ilikuwa bado imejaa nusu. Nilitaka kumuambia mutoto nitakuja, nitakuja hata kwa miguu, na hakuna neno lilitoka, miye mwenye kinywa.

Alinitazama. Hakuwa ameupiga muluzi ule hata siku moja, alikuwa anakaa tu kwenye bido yake anasikiliza. Akaweka sashe chini, akakunja midomo, akaanza. Ulikuwa muluzi wa baba yangu, na pale katikati, pahali miye nilikuwa nakoseaka, yeye hakukosea. Farasi akainamisha kichwa tena, na mutoto hakuacha mpaka maji yakaisha.