Raifo Iliyovikwa Kitenge

Siku hizi Jumamosi alasiri nyumbani kwa Mzee Maduhu ni kimya. Zamani, baada ya chakula, ulisikia bolti ya bunduki yake aina ya raifo ikivutwa nyuma na kusukumwa mbele, tena na tena, na mkewe Nyamizi akijibu jikoni kwa kugonga sufuria.

Maduhu aliimiliki kwa leseni tangu enzi zile fisi walipokuwa wakiingia mazizini huku Kishapu. Fisi walipungua, mahaba hayakupungua. Aliifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo ukining'inia kiunoni mwake. Nyamizi hakuwahi kuona ndani ya kabati hilo.

Siku mbaya zaidi ni zile alizokuja Taherali, mwenye duka la vipuri Nyasubi, aliyekuwa na raifo ya kampuni hiyohiyo, toleo jipya.

"Yangu nyepesi, mzee. Kitako plastiki, mvua haina habari nayo."

"Plastiki haina joto," Maduhu alisema. "Hii ya mti ukiiweka begani inatulia, kama inakujua. Bolti inateleza kama samli. Miaka yote hii haijanijibu vibaya."

Nyamizi akaitua birika kwa kishindo. "Na mimi nimekujibu nini, Baba Juliana?"

Taherali akacheka. "Shemeji, unakionea wivu chuma?"

"Chuma kinalala chumbani kwangu, kimefungiwa kufuli. Mimi silindwi hata na komeo."

Alibaki amesimama, akingoja mumewe aseme neno lolote zuri juu yake, hata dogo. Maduhu aliomba sukari.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia. Asubuhi moja alimlenga fisi kando ya zizi, kidole tayari. Nyamizi akaushika mtutu na kuuelekeza chini.

"Huyo ni ndama wa jirani Masalu."

Maduhu alitazama sana. Akavuta bolti, akatoa risasi, akaitia mfukoni. Kesho yake alipanda basi kwenda Mhunze na bunduki yake.

Alirudi jioni bila bunduki, kitambaa alichokuwa akiiviringishia kimekunjwa kwapani. Nyamizi alikitambua kabla hajakikunjua. Kilikuwa kitenge chake cha harusi, kile alichokitafuta nyumba nzima, hata akagombana na wifi yake wakanuniana misimu miwili ya pamba.

"Kumbe ni wewe."

"Ilitaka kitambaa laini," Maduhu alisema. "Humu ndani sikuona kingine kizuri kama hicho."

Nyamizi alingoja amalizie. Maduhu akauliza kama kuna chai.

Nyamizi alikifua kitenge, akakifua tena. Harufu ya mafuta ya bunduki haikutoka. Jumapili alikivaa hivyohivyo kwenda kanisani, na njia nzima Maduhu alitembea karibu naye kuliko kawaida yake. Nyamizi hakujua kama anafuatwa yeye au harufu ile, na hakuuliza.

Raifo ipo kwenye stoo ya silaha, kituo cha polisi Mhunze.