Mtu Mzima Hakimbii Bure

Mwaka ule nilijiandikisha kwa marathoni ya Oktoba, nikanunua raba za mitumba katika soko la Kibuye, na asubuhi moja nikatoka Katito mbio kuelekea Pap Onditi. Nilijiona moto wa kuotea mbali. Nikasahau kwamba kwetu mwanamke mzima akikimbia barabarani, kuna mtu amekufa.

Mama mmoja aliyekuwa akilima alitupa jembe, akakimbia kando yangu. "Ni nani amekufa?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu, nikaonyesha tu mbele kwa mkono. Akapiga nduru. Wengine wakatoka mashambani miguu mitupu, leso kiunoni, wakilia. Kicheko kilinibana mpaka nikatoa machozi, nao walipoyaona machozi wakazidisha kilio.

Tulipofika sokoni Pap Onditi nikakiri: hakuna aliyekufa, nafanya mazoezi. Wakatazama raba zangu. Kisha yule mama wa jembe akaangua kicheko hadi akakaa chini.

"Yawa! Kumbe hiyo ndiyo mbio yako? Sisi tulikuwa tunaenda polepole, tukijua umefiwa."