Kwenye Mkeka wa Wanaonyonyesha

Kazi yangu kule kambini Lukole, wilayani kwetu Ngara, ilikuwa kufundisha akina mama wakimbizi kutoka Burundi kunyonyesha. Narudia, maana watu hudhani wamesikia vibaya: nililipwa kuwaambia wanawake kwamba mtoto anyonye kila anapolia. Na mimi mwenyewe nikakatazwa kunyonyesha.

Mwanangu alikuwa bado mchanga. Kila mchana mama mkwe alimbeba mgongoni toka kijijini mpaka kwenye uzio wa kituo cha lishe, nami nilitoka, nikamnyonyesha, nikarudi. Wanaume wa kituo walitoka kuvuta sigara watakavyo, hakuna aliyewauliza. Mimi ndiye niliyeonekana. Msimamizi wetu, kijana wa mjini mwenye buti safi hata kwenye tope, aliniambia mbele ya wapishi wa uji, "Unanuka kama zizi." Nikisema jambo kikaoni, aliigiza lafudhi yetu ya Ngara, wenzake wakacheka. "Huyu naye si mkimbizi kweli? Akaguliwe." Nikameza. Kazi ya mshahara wakati ule ilikuwa kambini, na nyumbani walinitegemea mimi.

Siku moja akamwagiza mlinzi asinifungulie tena geti mama mkwe akija, nisitoke. "Mwenye kichanga akae kwake. Wanaoitaka nafasi hii wamejaa barabarani."

Mchana huo nilikuwa mbele ya mkeka, akina mama wamekaa na watoto wao waliokonda, nawaonyesha jinsi ya kumweka mtoto kifuani. Nikasikia kilio cha wangu nje ya uzio. Maziwa yakatoka yenyewe, fulana ya kazi ikalowa, wote wanaona.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akauliza kwa Kirundi, lugha ambayo sisi Wahangaza wa Ngara hatuhitaji mkalimani kuielewa:

"Mwalimu, huyo anayelia ni wa nani?"

"Wangu, bibi."

"Sasa sisi unatufundisha nini?"

Nikaondoka moja kwa moja mpaka getini.

"Shemeji, fungua."

"Dada, nitafukuzwa mimi," mlinzi akasema.

"Basi usifungue. Nipitishie mtoto juu."

Akatazama huku na huku, akampokea kwa mama mkwe, akanipitishia juu ya uzio. Nikarudi, nikaketi mkekani katikati ya wakimbizi, nikatoa titi.

Msimamizi akaja mbio. "Wewe! Simama, uko kazini!"

"Ndiyo, niko kazini. Nafundisha. Akina mama, tazameni, mdomo umeshika vizuri."

Wakacheka. Akazidi kuwaka.

"Nimesema simama!"

Kwetu mwanamke anayenyonyesha hasimamishwi. Hata baba mkwe, ambaye siku nyingine hakuna anayethubutu kubaki ameketi mbele yake, akiingia anasubiri mtoto ashibe. Huyu alinishika bega anivute. Mkeka mzima ukapiga yowe. Yule bibi akajiinua, akasimama kati yetu.

"Kijana, mama yako alikunyonyesha akikimbia?"

Nikamtafsiria, neno kwa neno, kwa sauti. Akaachia bega langu.

"Kesho usije!"

"Niandikie barua, na sababu uiweke. Andika kwamba umemfukuza mwalimu wa kunyonyesha kwa kuwa amenyonyesha. Wakubwa wako waisome."

Akaenda zake. Barua hakuandika. Angeiandikaje?

Kesho yake nilifika nimembeba mwanangu mgongoni. Mlinzi alifungua geti lote, kama anapitisha lori la mahindi.

Sitasema kijana yule alibadilika. Aliendelea kuniita ng'ombe wa maziwa mpaka alipohamishwa. Aite tu. Kuna waliosema ningeshukuru tu kupata kazi. Nami nawauliza, nimshukuru nani kwa jasho langu? Wiki iliyofuata mpishi mmoja wa uji, ambaye kumbe alikuwa akijifunga kifua kwa kanga ili maziwa yasionekane, alikuja na wa kwake. Akaketi karibu nami mkekani. Tulinyonyesha, na ruhusa hatukumwomba mtu.