Ukoko wa Jiko la Shule

Shule moja ya bweni hapa Karatu ilipoacha kuni ikaanza kupikia makaa ya mawe, jiko jipya halikumaliza mihula miwili. Majivu yaliyeyuka yakagandamana na vyuma kama ukoko. Kamati ya shule, ambayo sidhani kama kuna mjumbe wake aliyewahi kuchochea moto, iliamua kwamba mpishi ndiye mwenye kosa: anaacha masufuria ya makande yafurike motoni. Mpishi huyo ni mama yangu. Wakataka kumfukuza.

Mimi nilikuwa chuoni nasomea madini, na kichwa kimevimba. Nilimwambia mama asihangaike, sayansi itamtetea. Nikaja likizo, nikachukua makaa stoo, nikarudi nayo maabara. Nilikuwa natafuta madini yaliyoshikamana na mabaki ya mimea ya kale ndani ya makaa. Hayo huyaoni hata kwa darubini, maana hayakai kama chembe. Unayatoa kwa dawa, hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kuosha sampuli kwa maji matupu ili chumvi ya juujuu itoke. Niliiruka. Kuosha vitu kwa maji niliona ni kazi ya wapishi.

Sodiamu ilitoka nyingi ajabu, na sodiamu ndiyo huyeyusha majivu. Nilifurahi nusura nilie.

Kikaoni nilisoma ripoti kwa maneno makubwa, na mwenyekiti akayaitikia yote kwa kichwa bila kuelewa hata moja. Kosa ni la makaa yenyewe, nikasema, mama hana hatia. Mama akanyoosha mkono, akasimama.

"Samahani mwenyekiti. Mwanangu, lile gunia nililokupa ubebee makaa, nilikuwa naweka magadi ya kulainishia makande, yale ya Ziwa Eyasi. Nililikung'uta tu, sikulifua."

Magadi yamejaa sodiamu, na kwa kuwa sikuosha sampuli, ripoti yangu haikuwa na maana tena. Nilimkonyeza akae.

"Sasa ninyamaze, halafu asingiziwe huyo anayetuletea makaa?" akaniuliza mbele ya watu wote.

Kamati ilimsifu sana kwa ukweli wake, ikamwachisha kazi mchana uleule. Mimi niliyeharibu kipimo nilipigiwa makofi, nikaombwa niwe mtaalamu wao wa kuchagua jiko jipya. Naona aibu kuandika kwamba nilikubali.