Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Mjomba wangu alikuwa na namna yake ya kumchagulia mtu bunduki. Hakuulizi una shilingi ngapi, hakuulizi unataka kuwinda nini. Anakwambia, "Fumba macho. Pandisha begani. Haya, fumbua." Ukifumbua ukakuta kile kinundu cha mbele cha kulengea kimekaa sawasawa juu ya mtutu, hiyo ni bunduki yako. Ukiona mbao, au mawingu, au mguu wa mwenzio, mrudishie mwenyewe na umwambie ahsante.

Mimi nilipofumbua na raifo yake begani niliona vyote vitatu, na kuku juu.

Sasa hiyo raifo ndiyo nilikuwa naitamani tangu sijaanza darasa la kwanza. Ilikuwa inakaa chumbani kwake imeviringishwa shuka la bluu. Siku ya kuisafisha sisi watoto tunafukuzwa uani, tunazunguka nyuma, tunabandika macho kwenye matundu ya ukuta wa udongo. Anapitisha kitambaa cha mafuta taratibu, mdomo wazi kidogo kama mtu anayemlisha mtoto uji. Halafu anavuta lile komeo la chuma, kla-klak, na sisi nyuma ya ukuta tunajipiga kifuani tunaanguka, tumekufa. Mpaka leo nikisikia mtu anafunga komeo la mlango kwa haraka, napata harufu ya yale mafuta.

Shamba la mama lipo bondeni, upande wa nyuma wa mji wa Mtama. Unaacha barabara, unashuka na mikorosho mpaka unaona udongo umegeuka mweusi. Ukidondosha punje ya hindi pale, usisimame karibu, itakutoboa jicho. Ubaya wake ni kwamba nguruwe pori nao wanalijua hilo. Utoto wangu wote nimeumalizia kwenye dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba. Kazi yangu ilikuwa kelele. Shuleni nilichapwa kwa sababu ya mdomo, bondeni kwa mdomo uleule napewa muhogo wa kuchoma wa moto, nauhamisha mkono huu na huu huku napuliza. Nani angependa shule?

Enzi hizo mjomba ana macho yake, nguruwe walikuwa na adabu. Wanapita mbali. Halafu ukaja mtoto wa jicho. Alianza kwa kulalamika kwamba jua siku hizi halina nguvu. Baadaye siku moja nikamsikia mwenyewe anamwitikia mbuzi marahaba. Tukamwambia twende hospitali wakupasue, akasema jicho si jipu.

Basi nguruwe wakapata habari. Mwaka wa kwanza walikula mahindi. Mwaka uliofuata wakala mahindi, wakala mihogo, wakalala palepale. Wenzetu wa bondeni wakaanza kuacha mashamba mmoja mmoja, pori likawa linasogea. Asubuhi moja mama alirudi ameshika bua moja tu mkononi, akaliweka mlangoni, akaniambia:

"Mwanangu, mwaka huu wakila tena, mimi nafunga mlango. Nakwenda kwa dada yako Lindi, nikauze maandazi."

"Mama, wewe maandazi yako yanajulikana. Utaua watu Lindi."

Hakucheka. Mama akiacha kucheka maneno yangu, ujue mambo yamefika pabaya. Nyumba ikifungwa ndiyo basi, miaka miwili tu mchwa wameshamaliza, na mimi sina kwetu pengine.

Nikaenda kwa mjomba nikamwambia nataka kuanza kuwinda. Umri wa kuruhusiwa nimeufikisha. Akafurahi mpaka akanyanyuka bila fimbo. Kibali kikaanzia mkutano wa kijiji, na mwenyekiti akauliza kama yupo anayenijua kwa ugomvi au ulevi. Bibi mmoja akasimama. "Ugomvi hana. Ana mdomo tu." Mwenyekiti akasema mdomo hauhitaji kibali, tukaendelea. Wilayani wakanizungusha, mafunzo nikafanya, shabaha nikapita kwa kudra za Mwenyezi Mungu na kwa sababu ubao ulikuwa mkubwa.

Ikabaki kuchagua. Zilikuwepo mbili. Moja ni hiyo raifo ya mjomba, ambayo angeniandikisha kihalali. Nyingine ni shotigani ya mzee mmoja Mkatoliki anayekaa kule juu mlimani, aliyekuwa anaiacha kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Huyo mzee na mjomba ni watani. Mjomba akipiga nguruwe, sisi Waislamu hatumgusi, mtani anashuka na baiskeli anamchukua. Na hashuki kimya.

"Wewe unakesha, unaumwa na mbu, unamuua. Mimi nalala, naamka, nakula. Sasa mjinga nani?"

"Mjinga nguruwe," mjomba anamjibu. "Kaacha shamba letu kaingia tumboni mwako, pabaya zaidi."

Shotigani yenyewe ilikuwa haitazamiki. Ya mtutu mmoja, unaivunja katikati unaweka risasi, unaifunga. Kitako kilipasuka zamani, kikafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Niliiona mara moja nikasema hii hata nguruwe atacheka. Mimi moyoni nilishajipiga picha na raifo, mkanda begani, napita barabarani Mtama taratibu.

Siku ya kujaribu tulipanda kwa mtani. Majirani walishaambiwa, mbuzi wamefungwa. Nyuma ya nyumba yake kuna ukingo wa udongo, tukatega kifuu cha nazi juu ya gogo. Nikapokea raifo kwa mikono miwili kama napewa mtoto mchanga. Nikaiweka bega la kulia, nikafumba jicho la kushoto, nikapiga.

Mjomba amekaa kwenye kigoda, haoni kifuu, anasikiliza. "Kimelia?"

Mtani akajibu, "Kimelala salama."

Nikapiga tena. "Kimelia?"

"Kimegeuka upande wa pili, kinakoroma."

Ya tatu ikachimba udongo mbele yetu. Mtani akasema, "Mtani wangu, huyu umemleta awinde au achimbe choo?"

Nilicheka, maana ukichekwa ukiwahi kucheka wewe haiumi sana. Lakini bega linawaka moto, na nikimtazama mjomba naona vidole vinatembea juu ya magoti. Nilijua anachofikiria. Kama mimi siwezi, hamna mwingine. Wajomba zangu wadogo wote wako Dar, na mama tayari ameshaanza kuuliza nauli ya Lindi.

Tukapumzika. Mke wa mtani alikuwa ameanika makopa kwenye mkeka, mihogo ile ya kukausha, na yeye amekaa mlangoni anachambua mchicha. Akaja jogoo akapanda juu ya mkeka. Mama yule akaniita, "We msemaji, hebu nifukuzie huyo."

Nikaokota kigunzi nikatupa. Kikampata jogoo mgongoni, mbali, akaondoka analaani. Sikufikiria hata kidogo.

Mama yule akaacha mchicha. "Rudia."

"Jogoo kashakimbia, mama."

"Tupa tu. Kipige kile kifuu chenu."

Nikaokota kigunzi kingine, nikatupa. Kifuu kikadondoka.

"Kimelia!" mjomba akasema, ameinua kichwa. "Nani kapiga?"

"Mpwa wako," mama yule akasema, "kwa kigunzi. Kwa mkono wa kushoto. Na nyie mmekaa hapo wazee wazima mnampa bunduki ya kulia."

Hapo lazima nieleze. Mimi nilizaliwa wa kushoto. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, hakulikubali. Wakati wa kula alikuwa ananifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, anaufunga kwenye ubavu, ananiambia, "Huo wa chooni utulie, wa riziki ndio uje." Anafunga vizuri, hakazi, na akimaliza ananitia kwanza tonge moja mdomoni yeye mwenyewe, la kunipoza. Nikajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kupokea kitu kwa kulia. Sasa bunduki, kitu cha heshima namna ile, ningeishikaje kwa mkono wa chooni mbele ya wazee? Haikunijia hata akilini.

Mtani akaguna, akamgeukia mjomba. "Mmeusilimisha mkono, jicho mmelisahau."

Mjomba akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye yale macho yenye ukungu. Halafu akaniita karibu. "Weka bega la kushoto. Fumba macho. Pandisha. Fumbua."

Nikafumbua. Kinundu hicho hapo, kimesimama juu ya mtutu kama jogoo juu ya paa.

"Unaona?"

"Naona, mjomba."

"Sasa vuta komeo, uweke ya pili."

Komeo liko upande wa kulia. Mkono wa kulia ndio umebeba mtutu mbele. Ikabidi niishushe raifo yote, nibadilishe mikono, nivute, niipandishe upya. Mjomba alikuwa anahesabu zile sauti kwa masikio, akatikisa kichwa taratibu.

"Ya kwanza utapiga wewe," akasema. "Kabla ya ya pili, nguruwe ameshakusomea hitima."

Hakuna aliyenisukuma. Nilikwenda mwenyewe nikaichukua ile ya tyubu ya baiskeli. Nikafumba, nikapandisha, nikafumbua, kinundu kipo. Nikaivunja katikati. Haina kulia wala kushoto, inafunguka kwa yeyote, kama mlango wa msikiti. Mtani akakirudisha kifuu juu ya gogo, nikapiga, kikasambaa. Safari hii hakuna aliyeuliza kama kimelia.

"Mjomba," nikasema, "nachukua hii."

Alikuwa ameshaipakata raifo yake, anaifunga shuka lake la bluu kwa kupapasa. Akasema, "Umechagua vizuri." Tukashuka mlima. Nilimshika mkono wa kushoto, yeye kakumbatia lile furushi kwa mkono wa kulia. Baadaye aliirudisha polisi mwenyewe, akasema chuma kisichoonwa na mwenyewe kinakuwa adui wa nyumba.

Mahindi yalipobeba, mjomba akaomba tumpandishe dunguni. Tulimsukuma kama gunia. Kazi ikawa hivi: yeye masikio, mimi jicho la kushoto. Alfajiri umande bado mzito, ananigusa goti. "Wako upande wa mihogo. Mkubwa yuko nyuma." Mimi sioni kitu, nasubiri. Halafu bua linatikisika. Yule wa kwanza nilimpata palepale ukingoni, na bega langu la kushoto likajua kwa nini la kulia lilikuwa linalalamika. Mtani akaja na baiskeli kabla jua halijapanda, akamfunga kamba, akanipigia saluti ya kushoto.

Nguruwe hawakuisha, nisiwadanganye. Ila wakaanza tena kupita mbali, na wachache katika wale walioacha mashamba wakarudi kuulizia mipaka yao. Mahindi tulivuna. Si ya kujaza dunia, lakini mama aliyapukuchua akiimba, na habari ya maandazi sikuisikia tena. Na mimi sikuuliza, maana kuna maneno ukiyauliza unayaamsha.

Mvua zilizofuata zilitukuta mimi na mjomba tuko juu ya dungu, tunatengeneza kamba zilizolegea. Yeye anashika, mimi nafunga. Ghafla akainua kidole ninyamaze. Nikadhani nguruwe mchana huu! Nikasikiliza na mimi. Lilikuwa jembe, lakini linatoka mbali, kule kwenye vichaka ambako hatujalima tangu macho yake yaanze ukungu.

"Nani huyo kavuka mpaka, analima porini?" akauliza.

"Dada yako."

Akasikiliza tena kwa muda, kichwa kimeinama upande, anatabasamu bila meno.

"Mwambie asizidi mkuyuni," akasema. "Kule risasi yako haifiki."

Nikashuka kumwambia mama. Alinisikia, akasimama, akajifuta jasho kwa kanga, akautazama mkuyu, akaendelea kulima kuelekea hukohuko.